Shule Inamlipa Nani?

Ukikaa kijiweni hoja hii huikwepi: fulani ana digrii na anaendesha bodaboda, fulani mwingine aliishia darasa la saba na leo ana maduka matatu Kariakoo. Sasa shule ina faida gani? Anayeuliza hivyo si mpinga maendeleo. Mara nyingi ni mzazi aliyeuza kiwanja ili mwanawe afike chuo, au ni kijana mwenyewe aliyezunguka maofisini na bahasha ya kaki mpaka akachoka. Anastahili jibu lenye uzito kuliko ile kaulimbiu ya ufunguo wa maisha iliyopakwa rangi kwenye kuta za shule zetu.

Tuanze na huyo tajiri wa darasa la saba. Anajulikana kwa sababu ni mmoja. Wale aliomaliza nao mwaka ule, ambao bado wanahangaika na jembe, hakuna anayewataja. Halafu ichungulie biashara yake. Hesabu zake zinafungwa na mhasibu, mzigo wake bandarini unatolewa na wakala wa forodha, mikataba yake inapitiwa na mwanasheria. Elimu anaitumia kila siku, ila ni ya wengine na anailipia. Watoto wake nao hawapo dukani. Wapo shule, tena ya ada kubwa.

Kwa hiyo swali la kama elimu inalipa halitufikishi mbali. Swali lenye manufaa ni hili: inamlipa nani, kwa njia ipi, na panapokuwa na nini? Faida za shule zina wapokeaji watatu: aliyesoma mwenyewe, watu wanaomzunguka, na nchi nzima. Kila mmoja analipwa kivyake, na ile faida tunayoipigia kelele zaidi, mshahara, ndiyo yenye masharti mengi kuliko zote.

Mshahara na masharti yake

Wachumi walianza kulichambua jambo hili kwa kina katika miaka ya 1960. Theodore Schultz na Gary Becker, ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel, mmoja mwaka 1979 na mwingine 1992, walisema kusoma ni uwekezaji: mtu anaacha kipato cha leo na kutoa ada, akitarajia kipato kikubwa zaidi kesho. George Psacharopoulos na Harry Patrinos wamekusanya matokeo ya tafiti kutoka nchi zaidi ya 100, na wastani wanaoutoa ni kwamba kila mwaka mmoja wa shule unaongeza kipato cha mtu kwa takriban asilimia 9. Kwa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kiwango hicho kiko juu kidogo ya hapo.

Mwenye shaka atasema wanaosoma sana ni wale wenye akili au wazazi wenye uwezo, na wangefanikiwa hata bila shule. Pingamizi hilo lilijibiwa vizuri na mfano wa Indonesia. Kuanzia mwaka 1973 serikali ya huko ilitumia fedha za mafuta kujenga zaidi ya shule za msingi 61,000 kwa muda wa miaka michache. Esther Duflo alilinganisha watoto waliozikuta shule hizo na wale waliokuwa wamevuka umri zilipofunguliwa, katika wilaya zilizopata shule nyingi na zilizopata chache. Waliozikuta walisoma muda mrefu zaidi, na walipokuwa watu wazima walilipwa zaidi. Akili na utajiri wa wazazi haviwezi kueleza tofauti hiyo, kwa kuwa mwaka wa kuzaliwa hakuna aliyeuchagua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 1973 Michael Spence alionyesha kwamba cheti kinaweza kumpandishia mtu mshahara hata kama darasani hakuongeza ujuzi wowote, mradi tu mwajiri anakitumia kuchuja watu. Historia yetu ina ushahidi wa kutosha. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 wasomi walikuwa wachache kiasi kwamba aliyemaliza darasa la nane aliweza kuwa karani au mwalimu, na wa kidato cha nne alisubiriwa na ofisi. Waliosoma walivyoongezeka, karani akatakiwa awe na kidato cha nne, kisha stashahada, na leo nafasi hiyohiyo inaombwa na wenye digrii. Kazi yenyewe haikubadilika sana. Ronald Dore aliuita mwenendo huu ugonjwa wa vyeti katika kitabu chake cha mwaka 1976, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi alizozichunguza.

Katika mbio za namna hiyo anayepata kazi amefaidika kweli, lakini amefaidika kwa kumpiku mwenzake. Nchi haikuongezewa hata kiti kimoja. Ndiyo maana digrii inaweza kumlipa mtu mmoja vizuri na wakati huohuo mtaa mzima ukajaa wahitimu wasio na kazi, na kauli zote mbili zikawa za kweli.

Hesabu inayofanyika shambani

Tena wastani ule wa asilimia 9 unatokana zaidi na watu wenye mishahara, ilhali Watanzania wengi wanaishi kwa kilimo na biashara ndogo. Kwao faida ya shule haiji mwisho wa mwezi. Inakuja, au inapotea, pale wanapouza.

Chukua mkulima wa viazi au vitunguu na gunia la lumbesa. Gunia lililokusudiwa kubeba kilo 100 linajazwa pomoni, kisha linashonewa nyongeza juu mpaka linafikia kilo 130 au kupita, na bei inabaki ya gunia moja. Tuseme bei ni shilingi 60,000. Kwa kilo 100 mkulima angepata shilingi 600 kwa kilo. Kwa kilo 130 anapata takriban 460. Kwenye kila gunia ametoa bure viazi vya shilingi 18,000. Akiuza magunia 20, zimekwenda shilingi 360,000 bila risiti wala shukrani. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi: kuzidisha, kugawanya na kutoa, basi.

Lakini mkulima anayeijua vizuri naye anauza lumbesa. Anauza kwa sababu mzani haupo, barabara ni mbovu, mnunuzi ni mmoja na viazi vinaoza. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria na Wakala wa Vipimo unaipiga vita, ila marufuku haifiki kila shamba. Hesabu iko kichwani, pa kuitumia hapaonekani. Mpe mzani wa kijiji na wanunuzi wawili wanaogombania mzigo, na darasa lake la tano litaanza kumlipa msimu huohuo.

Ndivyo ilivyotokea India. Mbegu mpya za ngano na mpunga zilipoingia kuanzia katikati ya miaka ya 1960, Andrew Foster na Mark Rosenzweig waligundua kuwa wakulima waliomaliza shule ya msingi walizielewa mapema na kupata faida zaidi. Hata hivyo tofauti hiyo ilionekana hasa kwenye maeneo ambako mbegu hizo zilistawi. Ambako mbegu hazikufaa na kilimo kilibaki kilekile cha mababu, aliyesoma na asiyesoma hawakupishana sana. Schultz alikuwa ameshasema jambo la karibu na hilo: elimu humsaidia mtu zaidi wakati mambo yanabadilika na uzoefu wa jana hautoshi. Kijiji kisicho na mbegu mpya, umeme, mkopo wala soko jipya kitamfanya msomi aonekane hana maana, na mzazi atahitimisha kuwa shule ni hasara. Hitimisho lake ni sahihi kwa kijiji kile, kwa wakati ule.

Faida isiyopita kwenye mshahara

Sasa tuondoke kwenye fedha kabisa. Mtoto wa kilo 12 ana malaria, na mama amepewa dawa mseto. Maelekezo ni kidonge kimoja papo hapo, cha pili baada ya saa nane, halafu kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku mbili zinazofuata. Dozi sita kwa jumla. Kesho yake homa imeshuka na mtoto anacheza. Hapa ndipo dozi nyingi hukatishwa, vidonge vilivyobaki vikahifadhiwa kabatini kwa ajili ya mwingine. Mama anayeweza kusoma karatasi ya dawa, kuhesabu saa nane hata zikiangukia usiku, na kuelewa kwamba kushuka kwa homa si kupona, atamaliza vidonge. Hakuna mahali popote faida hiyo inaandikwa kama kipato, lakini ni uhai wa mtu.

Kwa wasichana mkondo huu wa faida una nguvu zaidi. Botswana ilibadili muundo wa sekondari mwaka 1996 na vijana wengi wakajikuta wanabaki shuleni mwaka mmoja zaidi. Watafiti waliofuatilia rika hilo waliripoti mwaka 2015 kwamba mwaka huo wa nyongeza ulipunguza kwa kiasi kikubwa uwezekano wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI, hasa kwa wanawake. Nchini Kenya, Owen Ozier alilinganisha wanafunzi waliopita kidogo tu alama za kuingia sekondari katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, na wale waliozikosa kidogo. Hao kwa uwezo walikuwa karibu sawa, kilichowatenganisha ni alama chache. Wasichana walioingia sekondari walipata mimba za utotoni kwa kiwango cha chini zaidi.

Kwa mtazamo huo, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, ulioruhusu wanafunzi wa Tanzania waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, kurudi darasani, si suala la huruma tu. Msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya mimba alipoteza nafasi yake, na mtoto wake naye akapoteza mama ambaye angemaliza kusoma. Adhabu iliwapata wawili, mmoja akiwa hajazaliwa.

Lipo pia jambo ambalo hakuna mtafiti anayeweza kulipigia hesabu. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, mzee Kimani Maruge aliona na yeye mlango umefunguliwa. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza huko Eldoret amevaa kaptula na soksi ndefu kama wenzake wa miaka sita. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe badala ya kutegemea anachoambiwa. Hakuwa na mwajiri wa kumwonyesha cheti. Alichokitafuta ni kutosomewa, na kila aliyewahi kumpa mtu baki barua yake ya siri amsomee anajua thamani yake.

Jirani naye anafaidi

Kama faida zingeishia kwa aliyesoma, tungeweza kusema kila mtu ajilipie. Haziishii hapo. Leonard Wantchekon na wenzake walirudi kwenye vijiji vya Benin vilivyopata shule za kwanza za wamisionari na wakoloni zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakavilinganisha na vijiji jirani vilivyofanana navyo ila vikakosa shule. Waliosoma waliishi vizuri zaidi, hilo lilitarajiwa. La kushangaza ni watoto wa wale wasiosoma katika vijiji vyenye shule: nao walisonga mbele kuliko watoto wa vijiji visivyokuwa na shule. Kumwona mjomba au jirani aliyetoboa kwa kusoma kulitosha kuwafanya wazazi wasiojua hata herufi moja wapeleke watoto wao.

Tanzania ina mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilikaa, kikasikiliza kipindi, kikasoma sura ya kitabu na kujadiliana, kisha watu wakainuka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Elimu ya aina hiyo haina ubinafsi hata ukitaka: choo cha jirani yako ndicho kinachokulinda wewe na kipindupindu, na dimbwi lake ndilo linalozaa mbu wanaokuuma wewe.

Faida nyingine ya pamoja imejificha kwenye ujirani wenyewe. Edward Miguel alilinganisha wilaya mbili zilizofanana kwa mchanganyiko wa makabila, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia, mahali palipochanganya makabila mengi palichanga fedha kidogo kwa ajili ya shule kuliko mahali penye kabila moja. Meatu, uhusiano huo haukuonekana. Maelezo aliyoyatoa ni sera za kujenga taifa: Kiswahili kama lugha ya wote, na mtaala uliofundisha watoto kujiona Watanzania kwanza. Somo la siasa ambalo wengi walilipita wakisinzia liliacha kitu ambacho mitihani haikukipima.

Fumbo la mwaka 1986

Hata hivyo mtetezi wa elimu lazima akutane na mwaka 1986. Sensa ya 1967 ilikuta takriban watu wazima 67 kati ya kila 100 wa Tanzania hawajui kusoma na kuandika. Baada ya kampeni za kisomo cha watu wazima na Azimio la Musoma la 1974 lililotaka kila mtoto aingie shule ya msingi, mtihani wa kisomo wa mwaka 1986 ulionyesha wasiojua wamebaki chini ya 10 kati ya 100. Ni mafanikio ambayo nchi chache maskini ziliyafikia. Mwaka huohuo Tanzania ilisaini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, uchumi ukiwa hoi, baada ya miaka ya watu kupanga foleni ya sabuni na sukari. Taifa la wasomaji lilikuwa limeishiwa sabuni.

Kupanda kwa bei ya mafuta na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ni sehemu ya maelezo. Sehemu nyingine ni ileile ya lumbesa, ila kwa ukubwa wa nchi. Bei za mazao zilipangwa na serikali na wakulima walicheleweshewa malipo. Duka la kijiji halikuwa na bidhaa za kununua. Mkulima aliyejua hesabu angeamua nini, wakati kila uamuzi ulikuwa umeshafanywa ofisini? Lant Pritchett, akitazama takwimu za nchi nyingi mwaka 2001, aliuliza elimu yote ile ilikuwa imekwenda wapi, kwani nchi zilizopanua shule kwa kasi hazikukua kwa kasi hiyo. Moja ya majibu yake ni kwamba ujuzi ukikosa kazi yenye tija ya kufanya, hukaa bure au huelekezwa kwenye kugombania kilichopo.

Lakini ujuzi huo haukufa wote. Huduma za fedha kwa simu zilipoanza Tanzania mwaka 2008, ziliwakuta watu wazima ambao wengi wao waliweza kusoma ujumbe wa Kiswahili, kujua salio na kuyaona makato. Aliyefundishwa kusoma chini ya mwembe miaka ya 1970 alisubiri miongo mitatu kupata soko la ujuzi wake.

Kukaa darasani na kujua

Mpaka hapa nimezungumzia shule kana kwamba aliyeingia alijifunza. Hapo ndipo penye doa. Upanuzi wa elimu ya msingi wa miaka ya 1970 ulitegemea kwa sehemu walimu ambao wenyewe walikuwa wametoka darasa la saba na kufundishwa ualimu harakaharaka. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005, na madawati, vitabu na walimu havikuongezeka kwa mwendo huo. Bili ilikuja baadaye. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata baada ya matokeo kupangwa upya. Tathmini za mpango wa Uwezo za miaka hiyo zilikuta takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wanaoweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili.

Eric Hanushek na Ludger Woessmann wameonyesha kwamba ukuaji wa uchumi unafuata zaidi kile wanafunzi wanachokijua wakipimwa kuliko miaka waliyokaa darasani. Kwa wazazi hilo si habari mpya, ila serikali nyingi bado zinahesabu walioandikishwa na kufurahi. Faida zote nilizozitaja zimejengwa juu ya kusoma na kuelewa: karatasi ya dawa, kilo za gunia, salio la simu. Mtoto aliyekaa miaka saba bila kufika hapo hakupata nusu ya faida. Amepata karibu sifuri, na miaka saba imekwenda.

Lugha inaongeza mzigo. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili mpaka darasa la saba anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia na hesabu kwa Kiingereza. Wengi hunusurika kwa kukariri, na kilichokaririwa bila kueleweka kinafaa kwa mtihani tu. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeongeza mkondo wa amali katika sekondari, na sera inalenga elimu ya lazima ya miaka kumi. Nia ni njema. Ila fundi hafunzwi kwa chaki, na shule ya amali isiyo na karakana itatoa cheti kingine cha kuweka kwenye ile bahasha ya kaki.

Nani alipe?

Kama faida zina wapokeaji tofauti, gharama nazo zigawanywe kwa mantiki hiyo. Digrii inamlipa zaidi mwenye nayo, kwa hiyo kumkopesha na kumdai baadaye ni haki. Bodi ya Mikopo ya Tanzania inapokata asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu, tunaweza kubishania kiwango, lakini msingi wake ni sahihi, mradi asiyepata kazi asigeuzwe mtoro wa madeni.

Darasa la kwanza na la pili ni habari nyingine. Mtoto anayejua kusoma atamnufaisha mwanawe ambaye bado hajazaliwa, jirani anayechota maji kisima kimoja naye, na nchi itakayomtoza kodi. Hakuna wa kumdai deni hilo kwa kuwa wanufaika ni wote, na hapo ndipo fedha ya umma inapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine. Elimu bila ada ilikuwa hatua ya kweli, lakini sare, madaftari, michango na mikono inayokosekana shambani bado ni gharama, na darasa la watoto 120 mbele ya mwalimu mmoja ni gharama kuliko zote.

Yule mzazi aliyeuza kiwanja aambiwe ukweli wote. Digrii si ahadi ya kazi, na anayemwahidi hivyo anamdanganya. Faida za uhakika zaidi huanza mapema, na zinaanzia kwenye jambo analoweza kulipima mwenyewe jioni moja bila kusubiri matokeo ya baraza la mitihani: ampe mtoto wa darasa la tatu ukurasa wa Kiswahili ambao hajawahi kuuona, ausome, kisha aeleze alichosoma. Akishindwa, mzazi ana haki ya kwenda shuleni kesho yake kuuliza kwa nini, na wazazi wengine wana sababu ya kuongozana naye, maana hasara hiyo wataibeba wote.